Mwano Ulioishia kwa Masalu

Mwano ukikufikia, unaupokea kwa sauti yako mwenyewe, kisha unatoka na chochote kilicho karibu na mkono. Maswali utayauliza ukishafika. Masalu aliishika sheria hiyo kwa miaka thelathini na tisa. Aliivunja mara moja tu, siku ya mnada, saa nane mchana, akiwa mzima wa afya na tumbo limeshiba.

Mwano ni yowe la hatari. Kwa Wasukuma haupigwi kwa mchezo, na mtoto anayeujaribu malishoni huchapwa kabla hajajieleza. Sauti ya mtu mmoja haifiki mbali, kwa hiyo nyumba ya kwanza inayoisikia huipokea na kuirusha kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, mpaka kitongoji kizima kinakuwa njiani. Nyumba moja ikinyamaza katikati, mwano unafia hapo.

Mji wa Masalu, yaani nyumba zake na zizi lake, uko juu ya mwinuko wa mawe, katika kitongoji cha Mlimani, pembeni ya Segese. Upande wa magharibi, bondeni, kuna mji mmoja tu, wa Mbuke, mjane wa Bartholomeo. Watu wengine wote wako mashariki. Sauti ya Mbuke haivuki ule mwinuko bila kupokelewa na Masalu. Kila mtu alilijua hilo, na Masalu alilijua kuliko wote, maana yeye na marehemu Bartholomeo ndio waliopanga nani apokee kutoka kwa nani.

Ukitaka kumwelewa mtu huyu, anza na baba yake. Mzee huyo alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Wezi wenye bunduki wakawaswaga wote asubuhi moja, na majirani wakachungulia milangoni. Baada ya hapo mzee aliishi miaka miwili tu, akikaa mbele ya zizi tupu na kulifagia kama vile ng'ombe wangerudi jioni. Kwa hiyo sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, ilipoanza huku kwetu, na wanaume wakaapa kwamba hakuna mtu atakayelia peke yake tena, Masalu alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa na hakuhitaji kubembelezwa. Alichukua upinde wa baba yake akaenda kula kiapo.

Alipanda ngazi polepole. Mwishowe akawa kamanda wa Mlimani, na Bartholomeo akawa katibu wake. Alikaa kwenye ukamanda miaka kumi na saba. Hakuwahi kupokea kuku wala chupa ya pombe ili kumwachia mtu. Shemeji yake alipokamatwa na mbuzi wa watu, Masalu mwenyewe ndiye aliyesoma faini. Mgodi mkubwa ulipofunguliwa na watu wakamiminika kutoka Kigoma, Mara na hata Mtwara, wageni wenyewe walikuwa wakiambiana, "Panga chumba Mlimani, kule kuna Masalu." Alilipenda sana neno hilo. Mtu mwadilifu akianza kuupenda uadilifu wake kuliko anavyowapenda watu, tayari yuko njia panda, ila yeye hakuliona hilo.

Kosa lake la kwanza kila mtu aliliita haki. Eliya, fundi seremala, hakutoka siku mwano ulipopita mlangoni kwake. Mkewe alikuwa katika uchungu wa kuzaa na hapakuwa na mwanamke mwingine ndani. Alijieleza. Masalu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sheria haina mke mjamzito." Eliya akatengwa miezi minne. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu kubwa kuliko viboko: hakuna kukusalimia, hakuna kukuazima moto, kisimani unasubiri wote wamalize, na atakayekuonea huruma anatengwa pamoja nawe. Mtoto aliyezaliwa hakufikisha mwezi. Eliya alimzika na shemeji yake aliyetoka Ushirombo, wawili tu, watu wakiwa majumbani mwao. Siku hiyo Masalu alikula chakula chake akalala.

Mwaka uliofuata kifo cha Bartholomeo, Kata ikaletewa mkaguzi wa polisi wa kukaa pale pale, Inspekta Bhoke, mwanamke Mkurya wa miaka thelathini na kitu, mrefu, anayetembea kwa miguu kutoka kitongoji hadi kitongoji akiwa na daftari kwapani. Akaitisha mkutano uwanja wa shule.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Sikuja kuwaondoa. Nimekuja kuwapanga upya."

Akaeleza. Kila kitongoji kitoe vijana kumi na wawili, majina yao yakae ofisini, wafunzwe wiki mbili, wapewe vizibao vya njano na filimbi, na namba moja ya simu ya kupiga. Mtuhumiwa afikishwe kituoni akiwa hai na mzima. Viboko basi. Faini za porini basi. Kumtenga mtu basi.

"Mwanangu," mzee mmoja akadakia, "wezi wa huku hawaogopi filimbi. Filimbi ni ya mpira!"

"Basi tutawaonyesha kadi nyekundu, baba," Bhoke akajibu, na uwanja ukacheka mpaka mzee mwenyewe akajifuta machozi.

Masalu hakucheka. Akauliza kwa sauti kavu, "Na mwano? Nao umefutwa?"

"Haujafutwa, mzee wangu. Mwano si mali ya sungusungu wala ya polisi. Ni mali ya jirani. Mwenye kusikia atoke, kama zamani."

Maneno hayo Masalu aliyasikia vizuri. Nasisitiza hapa kwa sababu baadaye alijaribu kujiambia kwamba hakuyasikia.

Kisha Mbuke akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono migumu ya mtu anayeshika plau mwenyewe.

"Afande, mimi naunga mkono. Mume wangu alikuwa katibu wao. Uji wa doria nilipika mimi, siwakani. Lakini nilimwona Eliya akizika mtoto kama mtu anayeficha mzoga. Niliangalia kwenye ufa wa mlango. Sikwenda, niliogopa kutengwa. Mpaka leo naona aibu. Hilo liishe."

Watu wakapiga makofi. Masalu akatazama viatu vyake. Kwake yeye, mke wa rafiki yake alikuwa amemvua nguo mbele ya watoto wake. Bhoke alipomwomba awe mshauri wa vijana wa zamu, alijibu, "Mshauri ni jina la mtu aliyekwisha kuachishwa kazi," akaondoka na mkongojo wake.

Nyumbani mkewe, Serafina, alijaribu kumtuliza. "Baba Nelly, Mbuke kasema kweli."

"Kweli ina mahali pake."

"Na mahali pake si mkutanoni? Ulitaka aiseme wapi, jikoni?"

Masalu akatoka nje. Tangu siku hiyo, Mbuke akipita njiani Masalu alimsubiri yeye aanze kusalimia, na akishasalimia, alimjibu kama anayelipa ushuru.

Ikaja Alhamisi ile ya mnada. Asubuhi Masalu aliwaona vijana wa vizibao vya njano wakipita mbele ya mji wake, wote kumi na wawili, wakienda mnadani ambako ndiko kulikopangwa ulinzi. Serafina naye alikwenda huko kuuza karanga. Masalu alibaki akisuka kamba ya nira, na mchana akaketi kula michembe, viazi vikavu vilivyochemshwa, pamoja na Masudi, mpangaji wake, kijana wa Kigoma aliyefanya kazi kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Siku hiyo karasha lilikuwa limeharibika.

Siku ya mnada ng'ombe wanaswagwa kila njia. Hakuna anayeuliza ng'ombe wa nani wanakwenda wapi. Wezi watatu walilijua hilo, wakaingia kwa Mbuke mchana kweupe, wakafungua maksai wake wawili wa plau na kuwatoa zizini kama wachuuzi wengine wowote. Mbuke alikuwa nyuma ya nyumba akianika mtama. Simu yake ilikuwa dukani, kwenye chaji. Akashika kamba ya maksai mmoja, akapiga mwano.

Kule mwinukoni Masalu aliacha kutafuna.

Mwano ulikuja mara ya pili. Sauti aliijua; ilikuwa imeimba kwenye harusi yake.

"Mzee," Masudi akasema, "huyo mama anaita nini?"

"Siku hizi kuna namba ya simu."

"Namba gani?"

"Waulize wenye njano. Si aliwataka mwenyewe? Alisimama akawapigia debe. Na waje."

Masudi alimtazama akidhani ni utani. Masalu alikuwa na maneno makavu ya namna hiyo, na mara nyingi baada ya kuyasema huinuka na kwenda. Lakini safari hii alichovya kipande kingine cha kiazi kwenye karanga za kutwanga. Akala.

Mwano wa tatu ukaja. Huo haukuwa na maneno.

"Mimi naenda," Masudi akasema. "Njia ni ipi?"

Masalu akaonyesha kwa kidole. Hata hapo muda ulikuwepo. Angesimama na kuupokea mwano, sauti yake ingefika mashariki, wazee na wanawake waliobaki wangetoka na majembe, na wezi watatu wenye ng'ombe wa kuswaga hawana mbio. Hakusimama. Alijiambia kwamba magoti yanauma. Alijiambia huenda ni nyoka tu. Alikuwa amewahukumu watu kwa visingizio bora kuliko hivyo.

Masudi alipotea mara moja kwenye mashamba, kwani hakuzijua njia za kule, na alipofika wezi walikuwa wameshavuka korongo. Mbuke alikuwa amekaa chini katikati ya mtama uliomwagika. Hakuwa ameiachia kamba, hivyo walimkata panga mkononi ili aiachie. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekatika. Masudi alivua shati, akafunga, akambeba mgongoni hadi barabarani, na bodaboda ikamkimbiza kituo cha afya. Kutoka hapo akapelekwa Kahama.

Jioni Mlimani nzima ilikuwa mlangoni kwa Mbuke, ikiulizana imekuwaje hakuna aliyesikia. Bhoke alikuja na daftari lake.

"Mzee Masalu, mji wako ndio wa karibu. Hukusikia kitu?"

"Nilikuwa kisimani."

Hakuna aliyeshangaa. Eliya mwenyewe alikuwapo, akatikisa kichwa kwa masikitiko na kusema, "Angekuwepo kamanda, haya yasingetokea." Masudi alikuwa amesimama nyuma, bado hana shati. Alimtazama Masalu, kisha akatazama pembeni, kwa adabu ya mgeni asiyemwaibisha mwenye nyumba mbele za watu. Adabu ile ilimchoma Masalu kuliko tusi.

Uongo huo ulidumu siku tisa. Siku ya kumi asubuhi Masudi alikuja na begi lake begani.

"Mzee, shikamoo. Nahama."

"Marahaba. Unahama? Chumba kina nini?"

"Chumba hakina neno."

"Basi mimi ndiye mwenye neno?"

Masudi alisita. "Mimi ni mtu wa kuja, mzee. Sina ndugu hapa. Mtu wa kuja anapanga chumba kwa kumwangalia jirani. Sasa mimi nikipiga kelele, nani atakuja?"

Serafina alikuwa akifagia uwanja. Fagio likasimama. Alimtazama kijana, akamtazama mumewe, na Masalu akaona kwamba ameelewa yote bila kuelezwa.

"Ulikuwa hapa," mkewe alisema.

Masalu akapokea ufunguo wa chumba kutoka kwa Masudi.

"Ulikuwa hapa, na michembe niliyokuachia ulikuwa umeila yote."

Hakupiga kelele, wala hakulia. Aliingia ndani, akatoka na khanga yake mpya, akaenda hospitali Kahama kukaa na Mbuke. Huko alikaa majuma mawili.

Mkutano wa kitongoji uliofuata Masalu alisimama bila kuitwa. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Sikuwa kisimani," alisema. "Mwano ulinifikia mara tatu. Niliijua sauti. Sikuupokea, kwa sababu ya maneno ya mkutanoni. Nimewatenga watu kwa hilo. Nami nitengeni."

Watu walitazamana, kisha wote wakamtazama Bhoke. Mkaguzi alikuwa amefunga daftari.

"Mzee, adhabu hiyo haipo tena."

"Irudisheni kwa siku moja."

"Siwezi. Na hata ningeweza, nisingefanya."

"Basi nipelekeni mahakamani."

"Kwa kosa lipi? Kukaa nyumbani kwako?" Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayetafuta kifungu na kukikosa. "Wezi tunawatafuta. Wewe rudi nyumbani."

Hapo ndipo Masalu alipojua maana ya alichokuwa akikigawa kwa wengine. Aibu yenye adhabu ina siku ya mwisho, lakini yake haikupangiwa tarehe. Eliya alimfuata wakati watu wanatawanyika.

"Mwadila, baba," Eliya alimsalimu, kwa salamu ya jioni ya Kisukuma, ile ile ambayo Masalu alikuwa amewakataza watu wote kumpa Eliya.

"Usinisalimie, Eliya. Nisaidie kwa hilo."

"Siwezi kukusaidia. Mimi nilitengwa miezi minne, nikamaliza, nikarudi kwa watu. Wewe utamaliza lini?"

Ilikuwa kejeli, na ilikuwa pia swali la kweli.

Mbuke aliporudi, Masalu aliteremka bondeni kwa mara ya kwanza tangu jioni ile aliyosema uongo. Aliongoza maksai wake mwenyewe wawili, na plau begani. Mbuke alimpa kigoda. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Karibu, shemeji."

"Mvua zimekaribia. Nimekuja kukulimia. Na maksai hawa nakuachia."

"Asante. Warudishe."

"Mbuke, nimekukosea."

"Najua. Serafina aliniambia." Alikuwa akipepeta mtama kwa mkono wa kushoto, na nusu ulikuwa ukimwagika. Masalu akainama kuuokota, naye akamzuia kwa mguu. "Acha. Nisikilize nikuambie kitu kimoja, nisikiseme tena. Walipokuja nilikuwa na uwezo wa kuwaachia. Ng'ombe ni ng'ombe. Yule mwenye panga aliniambia mwenyewe, mama, achia, hatuna ugomvi na wewe. Nilipopiga mwano wa kwanza, nikajisemea, Masalu yupo. Nilipopiga wa pili, nikajisemea, Masalu anashuka sasa hivi, amefika kwenye mawe. Ndiyo maana sikuachia kamba. Ningejua huji, ningekuwa na vidole vyangu."

Masalu alikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kilipomfikia. Mbuke aliendelea na kazi yake. Hakumfukuza wala hakumsemesha. Mwishowe mzee alichukua maksai wake akapanda mwinuko.

Msimu huo Eliya na vijana wa njano walimlimia Mbuke ekari moja. Mbili zilibaki majani. Bhoke ameongeza kijana mmoja wa kubaki kila kitongoji siku za mnada, na jambo hilo limesaidia. Lakini lipo lingine lisilosaidiwa na zamu. Nyumba ya mtu iliposhika moto mwezi wa tatu, wanaume wawili hawakutoka, na walipoulizwa walisema, "Hata Masalu alikaa." Neno hilo sasa linatembea kutoka Mlimani hadi Segese, na kila mvivu na mwenye kinyongo analo mfukoni. Masalu analisikia. Hajawahi kulikanusha, maana ni kweli.

Serafina alirudi nyumbani. Anapika, anafua, anaitika akiitwa. Chumba cha Masudi hakijapata mpangaji. Mwano ukipigwa, Masalu hutoka mbio kabla ya wote, kwa magoti yale yale, na watu humpisha njiani bila kusema neno.

Mbuke amebaki na kidole gumba na cha shahada kwenye mkono wa kulia. Hawezi kushika plau, hawezi kusonga ugali wa watu zaidi ya wawili. Maksai wake hawakupatikana.